Saba ya Uru Aliyoikalia Baba Mdogo

Tulikuwa wanne barazani kwetu Namswea: bibi yangu Kornelia aliyemzaa baba, baba mdogo Gaudensi ambaye ni kitindamimba wa Bibi, kaka yangu Otmari, na mimi Paskazia ninayewasimulia. Hadi leo nikisikia harufu ya maganda ya kahawa yaliyolowa mvua, naziona zile karata zetu, zilizochakaa mpaka pembe zikawa laini kama kitambaa.

Kesho yake baba alikuwa anateremka Mbamba Bay kufuata usipa, wale dagaa wa ziwani, na nafasi ilikuwa ya mtoto mmoja tu. Mimi ziwa nililisikia kwa watu. Baba akasema tucheze, mimi na Bibi, Otmari na baba mdogo. Watakaofikisha sitini na moja, mtoto wao ndiye msafiri.

Mchezo wenyewe mnaujua. Ree ina alama kumi na moja, saba kumi, halafu wazungu, zile karata za picha: wa nne, wa tatu, wa pili. Nyingine hazina kitu. Bibi alinifundisha kuzijumlisha tukichambua kahawa: kopa, uru, shupaza na pau, kila moja thelathini. Zote mia na ishirini.

Tukamaliza, tukahesabu. Sisi hamsini na tano. Wao hamsini na tano.

“Sare,” akasema baba mdogo. “Haendi mtu. Kachambueni kahawa.”

Otmari akanuna. Bibi kimya, anafunga kilemba chake upya.

Nikasema, “Baba mdogo, sare ni sitini kwa sitini. Hapa kumi haipo.”

“Wewe na darasa lako la pili, unifundishe karata?”

“Kumi ni saba. Na saba ya uru nimeila mwenyewe kwa turufu. Shikamoo, baba mdogo. Naomba uinuke.”

Aliinuka akicheka mpaka machozi. Saba ilikuwa pale alipokaa, imepinda, ina joto. Tukawa na sitini na tano, na ziwa nikaliona.

Nimekuwa bibi ndipo nikakielewa kile kimya cha Bibi. Aliyenifundisha zile thelathini asingeshindwa kuona kumi imepotea. Aliiona, akaniachia niseme mwenyewe. Nami nilisema. Siku hizi nikicheza na wajukuu, hesabu ikipungua, nafunga kilemba na kusubiri.

Otmari, ukisomewa haya ukakumbuka kwamba ilikuwa saba ya kopa, nisahihishe. Ile kumi usiiguse.