Asbesto Juu ya Ghala la Viazi

Ghala lenyewe niliezeka mimi kwa mikono yangu, kwa hivyo sina wa kumlaumu. Zamani walipobomoa nyumba za walimu, tuliambiwa anayetaka mabamba ya asbesto ya paa abebe. Nilibeba mabamba kumi na nne. Hapa Kibirichia baridi ni kali, mabati yanatoa jasho asubuhi, linadondokea mbegu ya viazi, mbegu inaoza. Asbesto haitoi jasho. Mbegu yangu ilichipuka vizuri mpaka watu wa Kibugu, ambao wanajua majani chai tu, walikuwa wanakuja kuitafuta. Lakini si hayo nilitaka kusema.

Kila Desemba nilipanda juu na brashi ya waya, nikakwangua ule ukungu wa kijani, paa liwe jeupe kwa wageni wa Krismasi. Vumbi lilishuka kama unga. Mama watoto alikuwa chini akichagua mbegu, ananicheka: "Shuka, umekuwa mzungu!"

Sasa binti yetu amejifungua mtoto wa kwanza. Anaishi Meru mjini, anafanya kazi hospitalini. Akanipigia simu.

"Baba, sileti mtoto huko mpaka hiyo asbesto itoke. Vumbi lake likiingia kifuani halitoki."

"Na sisi si tumelivuta miaka hii yote?"

"Ndiyo maana sitaki na yeye alivute."

Haya, nikaita fundi na nyundo yake. Binti kusikia, akapiga kelele kwa simu: isivunjwe, vumbi litazidi! Nikaenda ofisi ya kaunti. Kijana wa pale akasema, "Mzee, usiiguse. Inatolewa na watu wenye kibali."

"Wako wapi?"

"Nairobi."

"Watakuja lini?"

"Wakiitwa."

Nani awaite, hajui. Nimerudi mara tatu, kila mara anaandika jina langu upya. Kuitoa nisitoe, kuzika kwa shamba langu mwenyewe nisizike. Wakati tunaibeba, huyo wa kutukataza alikuwa wapi?

Jumapili tukashindwa kuvumilia, tukaenda mjini na ndizi na unga wa uji. Mlangoni binti akanizuia.

"Baba, hilo koti si la ghalani?"

"Nimelikung'uta vizuri."

"Uuu! Umelikung'uta wapi?"

Koti likabaki nje kwenye msumari. Nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Ndipo nikapewa mjukuu wangu, nikiwa na shati tu, natetemeka kwa baridi, na binti akanifunika kifua kwa shuka kwanza, kama vile asbesto ni mimi.