Nani Atakichukua Kikoa?

Mimi ni mtu wa kukasirishwa na herufi. Nikiona bango mjini limeandikwa "zahabu" badala ya "dhahabu", siku hiyo kitumbua changu kimeshaingia mchanga. Ndiyo maana mimi na wenzangu wachache tulitengeneza programu huria ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Huria maana yake yeyote anaitumia bila malipo, anaifungua aone ilivyoundwa, na akiona kosa analirekebisha. Kampuni moja ya nje ilitufadhili. Ililipia seva na anwani ya mtandaoni, na mimi na fundi wetu tukapata posho. Fundi huyo ni Mtumbatu mwenye duka la kutengeneza simu Darajani, hapa Unguja, hodari wa kompyuta na wa maneno makali.

Kisha kampuni ikajitoa. Waliandika kwa adabu sana kwamba mipango yao imebadilika, na kwamba mwisho wa mwezi hawatalipia tena chochote. Niliisoma barua pepe hiyo nyumbani Kiembe Samaki, ndege ikipita juu ya paa, nikapandwa na hasira. Haikuwa hasira ya posho. Niliogopa kwamba programu itanifia mikononi. Funguo zote, yaani maneno ya siri, nilikuwa nazo mimi, hakuna neno jipya lililoingia mpaka mimi niridhie, na mchana nilikuwa nasomesha. Peke yangu nisingeweza, na sikuona nani mwingine angeweza.

Nilipompigia fundi, alicheka.

"Nshakwambia mie," alisema. "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Sasa, kwenye kundi letu la simu tulikuwa na sharti moja: hakuna Kiingereza. Na wataalamu wa lugha walishaamua kwamba anwani ya mtandaoni iitwe "kikoa". Sijapata kulipenda neno hilo, kwa sababu kwetu kikoa ni chakula cha zamu: leo tunakula kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa yule. Lakini sharti ni sharti. Nikaandika: "Jamani, kikoa chetu kinakwisha mwisho wa mwezi. Nani atakichukua?"

 Alasiri akajibu mwenzetu wa Paje, mwalimu wa skuli ya msingi, ambaye tangu mwanzo alikuwa akitukusanyia maneno ya watu wa kusini bila kulipwa hata senti. "Nakichukua mimi. Njooni Jumapili nyote."

Nusura nilie. Fundi akauliza kama mwalimu huyo anajua kweli kusajili kikoa, nikamwambia anyamaze, penye nia pana njia.

Jumapili kundi zima tukaenda Paje, fundi kabeba kompyuta na nyaya, mimi nimebeba maneno yote ya siri. Tukapiga hodi. Ndani mkeka umetandikwa, sinia la wali wa nazi limetua katikati, na bakuli la mchuzi wa pweza linafuka moshi. Mwenyeji wetu alikuwa amesimama na upawa mkononi, uso umekunjamana.

"Karibuni kikoa," alisema. "Ila mwenzenu nna malalamiko. Siku zote hizi mwala kikoa huko mjini, mie hamnambii! Mpaka kinakwisha ndo mwanikumbuka?"

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama pweza. Ilibidi nimweleze, na nilipofika kwenye wataalamu wa lugha alikuwa ameshakaa chini, kajifunika kanga usoni kwa kucheka.

"Neno la chakula mwalitia kwenye kompyuta! Nyie wazima kweli?"

Nikaapa kwamba si mimi. Basi nikawa natetewa na fundi, jambo ambalo halijapata kutokea, na wote wakazidi kucheka. Tukanawa, tukala. Pweza alikuwa laini, na kwa muda nikasahau kilichotuleta. Yeye hakusahau.

"Sasa nambieni," alisema akituongezea wali. "Hicho kikoa chenu cha kompyuta, mbona alikuwa akipika mtu mmoja tu? Kampuni ipike kila siku, na wewe Mwalimu upakue peke yako. Hicho si kikoa, hiyo karamu ya watu."

Fundi akameza tonge. Mimi nikasogeza sinia kando.

Tulipanga palepale kwenye mkeka. Fundi ataihamishia programu kwenye seva za bure wanazopewa wenye programu huria. Ada ya anwani, mwaka wa kwanza mmoja wetu, wa pili mwingine. Na kazi ya kuridhia maneno itazunguka, kila mtu na mwezi wake. Kugawa zile funguo kuliniuma, nasema kweli. Niliwasomea maneno ya siri kwa sauti ndogo kama mtu anayemwoza binti yake.

Mwaka huu nilibanwa na kusahihisha mitihani, nikakaa wiki kadhaa bila kuingia. Nilipoingia, nikakuta toleo jipya limeshatoka, na wala sikuulizwa. Nilinuna. Nikalipekua nitafute kosa, nisilione. Basi, ili nami nionekane nipo, nikaandika upya ile sentensi ya kuwakaribisha watu kwenye ukurasa wetu, nikaituma. Zamu ilikuwa ya mwenzetu wa Paje. Jibu likaja chai yangu haijapoa: "Mwalimu, nimeikataa. Umeandika 'tahjia'. Ungeipitisha kwanza kwenye programu yetu."

Nilicheka peke yangu jikoni. Programu niliyoogopa itanifia mikononi imo mikononi mwa watu, na sasa mimi ndiye ninayekosolewa. Sikumbuki kukosolewa kukanifurahisha namna ile. Nikaitia herufi iliyokosekana, nikatuma tena, nikakaa kusubiri mwenye zamu aniridhie.