Sahihi ya Kumi na Tano

Mama Mkasi aliitwa hivyo kwa sababu mkasi haukumtoka shingoni. Aliuning'iniza kwa kamba, akaenda nao benki, akaenda nao kliniki, na ungemuuliza jirani jina lake halisi angekuna kichwa. Kazi yake ilikuwa kupamba kwa maua: harusi, misiba, kumbi, meza za wakubwa. Miaka kumi na mmoja alikuwa mwenyekiti wa chama cha wapambaji. Na kama unadhani hicho ni cheo cha kukaa kitini na kunywa soda, hujawahi kuamua ugomvi wa wapambaji wawili walioahidiwa ukumbi mmoja siku moja.

Chama hakikuwa na mali ya kutisha. Kilikuwa na chumba cha ubaridi nyuma ya soko, kilichopangwa kwa jina la chama, na humo kila mwanachama alikuwa na rafu yake. Asiyefanya kazi hii hawezi kujua thamani ya rafu ile. Waridi iliyokatwa asubuhi ikikaa nje, mchana imeshalegea shingo, na bibi harusi hataki kusikia habari za jua.

Kisha ukaja ule ugonjwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na maua yakawa jambo la mwisho mtu kulifikiria. Kumbi zilipofunguliwa, wenye kumbi walikuwa wamejinunulia maua ya plastiki, ya kupangusa vumbi na kutumia tena wiki ijayo. Wanachama wakaanza kupukutika. Mmoja akafungua dobi, mwingine akaenda kuuza dawa ya mende. Katibu, mzee waliyemwita Bwana Sponji kwa ubahili wake wa ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua, akasema, "Huyo kaona mbali. Mende hawaahirishi harusi." Walicheka, lakini kicheko cha watu ambao maji yamewafika shingoni.

Mambo yakiwa hivyo, barua ikaja kutoka kwa msajili. Chama ambacho mkutano wake mkuu hautapata sahihi za wanachama kumi na watano kingefutwa. Kikifutwa, mkataba wa chumba nao ungekufa, na wale waliobaki wangeuza maua yaliyonyauka mpaka nao waende kwenye mende. Wapya wasingesaidia, maana sahihi ilitakiwa ya mtu aliyetimiza mwaka. Wakahesabu wakapata kumi na wanne. Wakahesabu tena, kana kwamba kuna mtu amejificha chini ya meza.

"Yuko mmoja," Bwana Sponji akasema taratibu. "Adhabu yake ilikwisha tangu mwezi wa tatu. Kwenye daftari bado yumo."

Hakumtaja, wala hakukuwa na haja. Alikuwa mdogo wake mwenyekiti, tumbo moja.

Mama yao alipofariki, Mama Mkasi alikuwa na miaka kumi na minane na yule mdogo sita. Alimlea. Alimbeba mgongoni akiwa na ndoo ya maua kichwani, akamfundisha kutoa miiba bila kuchubua shina, akamwoza kwa fundi saa mpole asiyejua kugombana, na siku ile alipamba ukumbi mzima peke yake, hakutaka mtu amsaidie. Watu walisema wale si dada na mdogo, ni mama na binti.

Sasa mwaka ule mbaya mdogo mtu alipata harusi moja, moja tu. Mzigo wa waridi ukakwama njiani. Akafanya kosa ambalo mpambaji peke yake ndiye angelifanya: akachanganya waridi za kitambaa na chache za kweli alizokuwa nazo, akazinyunyizia maji na manukato. Zilipendeza mno. Mama wa bibi harusi akavuta moja apeleke nyumbani, akakuta waya.

Kanuni ilikuwa wazi, na aliyeiandika alikuwa Mama Mkasi mwenyewe: anayepitisha ua la kitambaa kama ua hai anasimamishwa mwaka mmoja. Kamati ilipiga kura, zikalingana. Kura ya kuamua ikawa ya mwenyekiti, na jamani, watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Angemsamehe, wangesema chama ni cha familia. Akanyoosha mkono dhidi ya mdogo wake. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," alimwambia Bwana Sponji walipotoka.

Miezi minne baadaye fundi saa akaugua, na kabla ya wiki kwisha akafa.

Sasa mwenyekiti akashika bahasha ya msajili, akaenda kupiga hodi mlangoni kwa mdogo wake. Alikaribishwa. Chumba kilikuwa kisafi, cherehani dirishani, mapazia ya watu yamekunjwa juu ya kitanda. Saa tano za ukutani zilikuwa zimesimama, kila moja na wakati wake, maana mwenye kuzitia ufunguo hayupo.

"Umekonda, mdogo wangu."

"Nimefiwa, dada. Kaa."

Akakaa. Akaeleza habari za barua, chumba, kumi na wanne. Mdogo wake aliendelea kupindua pindo la pazia mpaka akamaliza.

"Siku ya mazishi ulikuja mikono mitupu," akasema.

"Kanuni inasema mwanachama aliyesimamishwa..."

"Naijua. Hapewi shada la chama. Mimi sikutaka shada la chama, dada. Nilitaka lako. Umewapamba maiti wa mji huu mpaka wale usiowajua. Mume wangu ukamnyima hata ua moja."

Mama Mkasi alitazama chini.

"Nilimpamba mwenyewe. Nilikuwa na zile waridi za kitambaa, ndizo mlizonisimamishia. Mimi mfiwa nikakaa nikazifunga kwa waya, watu wananitazama."

Mama Mkasi alikuwa ameliona shada lile makaburini. Na, Mungu amsamehe, wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba limelegea upande wa kushoto. Sasa alilikumbuka wazo hilo na akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Nilikosa," akasema. "Niliogopa maneno ya watu. Nilikosa, mdogo wangu, nisamehe."

"Unasema leo kwa sababu mko kumi na wanne." Hakupandisha sauti. "Mngekuwa kumi na watano, ungekuja?"

Angeweza kusema ndiyo, na yule mdogo angejua ni uongo kabla neno halijatoka, maana ndiye aliyelelewa naye. Machozi yakamtoka, na hakuna aliyeyafuta.

"Nitakuja," mdogo wake akasema. "Wale wana watoto. Chumba hakijanikosea."

Siku ya mkutano alikuja kweli, kwa gauni jeusi, akakaa karibu na mlango. Daftari lilizunguka. Lilipomfikia akatia sahihi bila kusoma, na Bwana Sponji akahesabu kwa kidole, akavua miwani, akatangaza kwamba idadi imetimia. Watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Mwuza dawa ya mende, aliyekuja kushuhudia tu maana jina lake lilishafutwa daftarini, alilia waziwazi. Wakasema bila mwenyekiti wao chama kingekuwa kaburini, na wakamchagua tena kwa kauli moja. Mama Mkasi alikuwa anatazama mlango, maana kiti cha pale kilikuwa kitupu.

Alimkuta nje ya geti, akifunga kitambaa chake kichwani.

"Mdogo wangu, ngoja basi. Twende nyumbani, tukae, tuzungumze."

"Nilikuja kwa chama," akasema yule. "Kwako sijaja."

"Mimi ndiye niliyekulea."

"Ndiyo. Ndiyo maana imeniuma hivi." Akamtazama, na macho yake hayakuwa na hasira, afadhali yangekuwa nayo. "Nakuomba kitu kimoja, na ukinipenda utakitimiza. Siku yangu ikifika, wewe usinipambe. Waachie wengine."

Akaenda zake, akivuka barabara polepole kwa uangalifu kama alivyofundishwa utotoni, kutazama kulia, kushoto, kulia tena. Mama Mkasi alisimama pale mpaka Bwana Sponji akatokea mlangoni kumwita. Akapangusa uso, akarudi ndani, kwa sababu kikao kilikuwa hakijafungwa, na anayefunga kikao ni mwenyekiti.