Sauti ya Mjomba

Asubuhi hiyo Bi Kipaza alikuwa hakaliki. Aliketi, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga, akaifuta meza aliyokwisha kuifuta mara mbili. Jina hilo alipewa na wachukuzi wa stesheni ya treni, alikotangaza safari kwa miaka ishirini na sita, na alipostaafu likamfuata nyumbani kama paka. Sasa alikuwa amepata kazi nyingine ya mdomo: kusoma riwaya nzima katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, ili watu waisikilize kwenye simu zao.

Sura tatu alikwisha kuzisoma. Kesho yake mwandishi angekuja kuzisikiliza. Akizipenda, Bi Kipaza angeendelea. Asipozipenda, kitabu kingepewa mtu mwingine. Kabla ya hapo alitaka sikio moja tu, la dada yake mkubwa. Macho ya dada yalikwisha kumuaga, lakini masikio yake yalisikia hata chumvi ikiyeyuka.

Dada alizisikiliza kwenye simu huku akikunja nguo. Sura ya pili haijafika nusu, akacheka.

"Huyu mjomba ndiye mwizi."

"Nani kakwambia? Hati ya nyumba inaibwa sura ya tisa!"

"Si wewe? Kila akiwasalimia watoto unamtolea sauti ya fisi aliyeona mfupa. Kasema 'hamjambo wanangu', basi! Mtu akinijulia hali hivyo, mimi nafunga mlango."

Bi Kipaza akanuna. Kitabu alikisoma chote kabla ya kazi, kama alivyokuwa akisoma ratiba ya siku nzima kabla ya kushika kipaza sauti. Akamchukia mjomba kwenye kurasa za mwisho, na chuki ile akaibeba mpaka ukurasa wa kwanza.

"Sasa nimsome vipi?"

"Kama mtu anayependwa. Watoto si wanampenda? Nipe sauti ambayo hata mimi nitaiamini."

Bi Kipaza akazunguka chumba. Akajaribu sauti ya marehemu baba yao, ikatoka kali. Akajaribu ya mwalimu wao wa darasa la nne. Dada akasema huyo anauza dawa ya kunguni. Akafika mlangoni, akasimama. Ilikuwepo sauti moja aliyoijua kuliko zote. Mkuu wa stesheni alimfundisha: treni ikiharibika njiani usiseme haiji, sema itachelewa kidogo, watu wasije wakafanya fujo. Naye alisema, polepole, kwa upole, miaka nenda miaka rudi. Watu wakairudia mizigo yao, wakakaa.

Akafungua kitabu.

"Hamjambo wanangu. Msiwe na wasiwasi. Mimi nipo."

Shati likabaki mikononi mwa dada.

"Huyo," akasema, "ningempa hata ufunguo." Akaliweka shati kando. "Ndiye aliyenikalisha kwenye benchi siku ile."

"Siku gani, dada?"

"Siku mama alipozidiwa huko kijijini. Habari zilinikuta sokoni, nikakimbilia stesheni hata bila kukutafuta. Nje basi la mwisho lilikuwa bado linapakia. Nikakusikia: itachelewa kidogo. Nikasema huyo ni mdogo wangu, nikae. Nimefika, mama kashazikwa."

Bi Kipaza alitafuta kiti kwa mkono, hakukiona.

"Sikujua umo mle ndani."

"Kwamba mimi nimo hukujua. Kwamba treni haiji ulijua."

Miaka yote hiyo dada hakuwahi kulitaja. Bi Kipaza akakifunga kitabu. "Basi sisomi. Nitawarudishia."

"Utasoma! Safari umeniharibia, na hadithi uniharibie? Nenda. Na mjomba umsome hivyohivyo."

Akaenda mchana uleule, akazirudia sura zote tatu. Fundi wa sauti, mtu mzima mwenye kitambi, alimsihi, "Mama, keti upumue." Hakuketi. Alisoma amesimama, akibadilisha miguu kama anayesubiri kuitwa.

Kesho yake mwandishi alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. "Ajabu," akasema. "Mjomba nimemtunga mwenyewe, najua atakachofanya, na bado nimemwamini. Endelea mama, kitabu ni chako."

Fundi akapiga makofi. Bi Kipaza hakucheka. Alikuwa amekwisha vaa miwani na kurudi chumba cha magodoro, akihesabu kurasa kwa kidole.

"Sura ya tisa, ile ya wizi," akauliza, "tutaifikia lini?"