Mbuzi wa Libah

Mimi sipendi mbwa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani anayesimulia ni mpenzi wa wanyama. Ninauza maziwa ya ngamia hapa Garissa. Madumu yangu nayafukiza kwa moshi kila jioni, na mteja akimwona mbwa amepita karibu na dumu, hata kama hakuligusa, kesho atanunua kwa mwingine. Kwa hiyo shangazi yangu Weris alipohamia, na mbwa mzee nyuma yake, kwa mwanawe Nuh, ambaye anakaa ua mmoja nami, sikufurahi. Nilimsalimu vizuri, nikamtilia chai, na moyoni nikaanza kuwaaga wateja wangu.

Weris ni dada wa marehemu baba yangu, nasi humwita Eddo, yaani shangazi wa upande wa baba. Maisha yake yote aliishi porini upande wa Balambala, akifuata mbuzi na malisho. Ni mrefu, mwembamba, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuita mifugo iliyo mbali; akiomba chumvi, jirani wa nyumba ya tatu anasikia. Mji haukumtisha hata kidogo. Kilichomuudhi ni watu wazima kukaa ndani mchana kutwa wakilalamikia joto.

Mbwa aliitwa Libah, maana yake simba. Alipewa jina hilo kwa utani, kwa sababu alizaliwa mdogo kuliko ndugu zake na alikuwa akiogopa hata vifaranga. Alikuwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanwa na fisi. Alipofika mjini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na miguu ya nyuma alikuwa anaivuta.

Kwetu mbwa si wa kukumbatiwa. Mate yake ni najisi. Yakikugusa, unaosha mahali hapo mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Haingii ndani wala halambi chombo. Lakini mwenye mifugo anaruhusiwa kumfuga ailinde, na hapo hakuna sheikh atakayemlaumu. Eddo alikulia ndani ya mpaka huo na aliwapenda mbwa wake ndani ya mpaka huo huo. Alikuwa na hangol yake, ile fimbo yenye panda ambayo wafugaji huivutia matawi ya miiba. Asubuhi na jioni alimkuna Libah kwa ncha ya fimbo hiyo, mgongoni na nyuma ya masikio, na Libah alifumba macho kwa raha. Mkono wake hakuwahi kumwekea.

Jioni nikifukiza madumu Eddo alikuja kukaa karibu nami, mbwa akalala mbali kidogo kwa sababu nilikuwa namkodolea macho, na hapo ndipo aliponisimulia kuhusu mbwa wengine. Wa kwanza alikuwa Geesi, mbwa wa baba yake, aliyekuwa akimsindikiza Eddo kuchunga alipokuwa msichana. Geesi alizeeka mwaka wa kiangazi kikali. Siku ya kuhama ngamia walikuwa na kiu, kisima kilikuwa mbali, na mbwa hakuweza kwenda. Wakamwachia kipande cha nyama kwenye boma la zamani. Eddo alikuwa anageuka nyuma kila mara, na kila akigeuka alimwona Geesi ameketi pale pale, hakuigusa nyama, anawatazama. Wa pili alikuwa jike jeupe, Adey, mama yake Libah. Huyo aliumwa na nyoka siku ambayo Eddo alikuwa ameenda arusini, na aliporudi hakukuta hata mzoga.

"Wawili hao walikwenda bila mimi," aliniambia. "Huyu, insha'Allah, nitakuwa naye."

Nilimjibu kwamba yeye ni mwanamke wa umri mkubwa, ana wajukuu, na afikirie watu. Alicheka, akaniambia nina roho ya dumu tupu.

Kilichomleta mjini ni ukame ule mrefu, mvua ilipokosekana msimu baada ya msimu. Mbuzi wake walikufa mmoja mmoja, wa mwisho akiwa ameegemea mguu wake. Nuh, ambaye anauza simu sokoni, alienda kumchukua kwa gari la kukodi. Dereva alikataa mbwa. Eddo naye akakataa gari. Walibishana juani mpaka Nuh akasalimu amri, na Libah akaingia Garissa juu ya kibebeo cha mizigo cha gari, amefungwa katikati ya mikeka.

Wiki za kwanza watu walivumilia kwa heshima ya mgeni. Kisha akaja Mzee Abdinoor, anayeswalisha katika msikiti wetu mdogo, akakaa, akanywa chai, akauliza habari za kila mtu.

"Weris, dada yangu," akasema mwishowe, "mbwa ni wa mifugo. Mifugo yako iko wapi?"

Eddo ni mtu anayemwogopa Mungu, na anajua kwamba anayefuga mbwa bila sababu hupunguziwa thawabu zake kila siku. Usiku huo hakula. Kulipokucha alimwita Nuh.

"Nitafutie mbuzi."

"Wangapi, hooyo?" akauliza, akimwita mama kwa Kisomali.

"Mmoja. Awe hai tu."

Nuh alileta mbuzi jike mzee, tasa, mwenye pembe moja, wa bei ambayo muuzaji mwenyewe aliionea haya. Eddo alikata matawi ya mathenge, vile vichaka vya miiba vilivyojaa kando ya mji, akajenga zizi pembeni mwa ua, mlango na kila kitu, zizi la kutosha mbuzi hamsini. Jioni akamwingiza mbuzi wake mmoja, akafunga mlango kwa tawi. Libah alinusa, akajikokota, akajilaza mlangoni, kichwa kikielekea nje. Mtaa mzima ulikuja kutazama na kucheka. Walimwuliza Eddo kama anahitaji wachungaji wa kuajiri. Mzee Abdinoor naye alilizunguka lile zizi.

"Haya," akasema, "mifugo ni mifugo." Akaenda zake akitabasamu.

Nakiri kwamba miezi ile ilikuwa mizuri. Mbwa alikuwa na kazi, Eddo alikuwa na uhalali, na mimi nilihamishia madumu yangu upande wa pili wa nyumba.

Kisha wakaja wakwe zake Nuh kutoka Wajir, bila taarifa, wakati Eddo amekwenda kwenye msiba mtaa wa pili. Mkwe hapewi nyama ya buchani. Lazima achinjiwe, asikie mnyama akilia nje, ajue kwamba amethaminiwa. Nuh alihangaika, akatazama huku na huku, akaona uani kuna mbuzi. Wallahi sidhani kama aliwaza jambo jingine lolote. Nilipotoka kuangalia, ngozi ilikuwa tayari imetandikwa kwenye ua wa miiba.

Eddo alirudi, akaiona ngozi, akasimama. Nilingoja ile sauti yake, nikawa naionea aibu mapema kwa ajili ya wageni. Haikutoka. Angesema nini? Wageni ni wageni, na hao walikuwa wakwe. Alinawa mikono, akaingia jikoni, akapakua wali na nyama ya mbuzi wa Libah kwa mikono yake mwenyewe, akawakaribisha wageni wale, washibe. Nuh alimfuata jikoni.

"Hooyo, kesho nitakununulia mwingine."

"Wageni hawana maji," akamjibu.

Libah naye alitupiwa matumbo, akayala yote, kwa kuwa mbwa ni mbwa. Halafu akarudi kulala kwenye mlango wa zizi tupu, kichwa nje.

Kesho ya Nuh haikufika. Si mtoto mbaya, ila alikuwa amechoka na maneno ya watu. Bila mbuzi maneno yalianza upya, na safari hii mbwa mwenyewe hakusaidia. Alianza kujiendea haja alipolala. Akaacha kula. Watoto walimrushia mawe waone kama atainuka, na hakuinuka. Eddo aliwafukuza kwa hangol, akakesha nje akiwa amejifunika shuka, na mchana alisinzia kwenye mkeka wa swala. Alikuwa anakonda pamoja na mbwa wake, nami nilimkasirikia kwa hilo, maana nilimhurumia na sikupenda kumhurumia mtu kwa ajili ya mbwa.

Nuh akazungumza na dereva wa lori, mtu wa Mwingi aitwaye Musyoka, aliyekuwa anakwenda Modogashe kupakia mbuzi. Amchukue Libah, amshushe kule kwenye njia panda. "Kule wafugaji ni wengi, atapata kazi," Nuh aliniambia bila kunitazama. Kazi gani anapewa mbwa asiyeweza kusimama, sikumwuliza. Niliona ni afadhali, na nilimwambia hivyo.

Lori lilikuja asubuhi, nikiwa nawapimia wateja maziwa. Musyoka alishuka na kamba. Nuh ndipo alipomwambia mama yake, kwa sauti ya chini, akiwa amesimama kati yake na zizi. Eddo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampita, akamgeukia dereva, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Wewe chukua gari yako, enda bole bole. Hii mbwa habandi gari."

"Mama, mimi nimetumwa tu," Musyoka akasema. "Na hii mbwa imezeeka, itakufa hata leo."

"Najua. Ndiyo iko na mwenyewe."

Dereva alimtazama Nuh, akaizungusha kamba mkononi, akarudi kwenye lori lake. Alikuwa na adabu kuliko baadhi yetu. Hapo Eddo akamgeukia mwanawe, kwa Kisomali, bila kupaza sauti.

"Baba yangu alimwacha Geesi kwa sababu ngamia walikuwa wanakufa kiu. Hapa kwako, Nuh, ni nani anayekufa kiu?"

Wateja wangu walishika vikombe vyao, na hakuna aliyekunywa.

Eddo aligonga ardhi kwa hangol. "Kaalay," akamwambia Libah, njoo. Mbwa alisikia. Aliinua mbele, nyuma ikakataa, akaanguka. Akainua tena. Eddo hakumsaidia kwa sababu hakujua namna ya kumsaidia bila kumgusa. Alisimama tu akingoja. Mwishowe mbwa akasimama, wakatoka wote wawili kwenye lango, wakaelekea kule nyuma ya mtaa ambako mbuzi wa mjini hupita kwenda malishoni.

Nilimaliza kuuza, nikakumbuka kwamba Eddo, na uzee wake, ametoka kwenye jua lile bila maji. Nikajaza dumu dogo, nikawafuata, nikinung'unika njia nzima. Hawakuwa wamefika mbali. Libah alikuwa amelala chini ya mgunga, Eddo ameketi kando yake, fimbo mapajani. Kundi la mbuzi wa watu lilikuwa linapita, kengele zikilia, na lile sikio lililochanika lilikuwa linazifuata kengele.

"Lete maji," Eddo akasema. "Si yangu. Yake. Una chombo?"

Nilikuwa na kifuniko cha dumu tu.

"Eddo, hiki ni cha maziwa," nikasema.

Alinitazama. Hakukasirika. Aliweka fimbo chini, akakinga kiganja chake cha kulia, akaniambia nimwage. Nikamwaga. Akakipeleka kwenye mdomo wa mbwa, na Libah, ambaye miaka yote alikunwa kwa ncha ya fimbo, alilamba maji kwenye mkono wake. Alilamba polepole mpaka maji yakaisha, halafu akaendelea kulamba mkono. Eddo akaweka mkono wa pili juu ya kichwa chake, akawa anausogeza nyuma na mbele, kwa woga, kama anayejaribu kitambaa dukani. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Kichwa chake ni laini," akaniambia. "Sikujua."

Libah alikufa kabla ya adhana ya adhuhuri. Sikuwa nimewahi kuona mtu akimzika mbwa, wala Eddo hakuwahi kufanya hivyo. Alichimba kwa panda ya hangol, nami, nisiyependa mbwa, nilichimba kwa kifuniko cha maziwa. Tulipomaliza kufukia ikawa adhana inasikika kutoka mjini, na ilibidi atwaharike aweze kuswali. Nikachukua dumu nimmwagie. Niliteka udongo safi miguuni pangu kwa ajili ya lile osho la udongo, nikamnyoshea.

"Si huo," akasema.

Akainama, akachota udongo juu ya kaburi la Libah, akausugua viganjani, katikati ya vidole, mpaka kwenye vifundo vya mikono, nami nikamwaga. Maosho sita yaliyobaki yalikuwa ya maji matupu. Niliyamwaga kidogo kidogo, maana Eddo hakuwa na haraka ya kuwa safi.