Pasi ya Mama Ilikaa Mlangoni

Hadi leo nikisikia harufu ya kitambaa kibichi kikikutana na pasi ya makaa, moyo wangu hurukaruka. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya Kaloleni, Kisumu, kila Januari, shule zikikaribia kufunguliwa na sare za nusu ya mtaa zikimsubiri mama. Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa, na cherehani yake ilikuwa imefungwa mota. Nilifurahi ajabu! Miguu haikuwa na kazi tena; sindano ilikimbia yenyewe. Kitu kimoja tu kilinikera. Pasi ilikaa mlangoni, nyuzi zilitundikwa ukuta wa mbali, na maji ya kunywa yalikuwa kwenye mtungi jikoni. Kila mara mama aliinuka, akazunguka, akarudi. Niliona nyumba imepangwa vibaya, nami nikajipa kazi ya kuipanga upya.

Nilisogeza kila kitu karibu na kiti chake. Akitaka uzi, huu hapa. Akitaka maji, kikombe kiko mkononi. Mama alikuwa na haraka ya kazi hata hakuuliza. Alinishukuru tu bila kuinua macho na kuendelea kushona. Siku tatu alikaa hivyo kuanzia asubuhi mpaka jioni, nami nikatembea kifua mbele kwa jinsi nilivyomtunza. Ijumaa mteja alibisha hodi. Mama akasimama ampokee, mguu wa kulia ukakataa, akaanguka chini pale pale mbele yangu.

Jirani yetu Mama Wanjiru, muuguzi mstaafu, alikuja mbio. Aliubonyeza mguu uliovimba, na alama ya kidole ikabaki.

"Mama Achieng, huu mguu umechoka kukaa. Kila nguo ikiisha, simama utembee. Ukikataa, utalala kitandani na hizi sare zitakulilia."

Sare kumi na mbili zilikuwa bado, na shule zingefunguliwa Jumatatu. Mama akatazama huku na huku, kama aliyeingia nyumba ya watu. "Yawa! Nani ametoa pasi yangu mlangoni?"

Nilikiri huku nikilia. Niliogopa kwamba nimemvunja mama yangu kwa mapenzi. Yeye alicheka mpaka akajifuta machozi. "Nyathina, mwanangu, mimi ndiye niliyeiweka huko. Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Irudishe."

Basi tukaanza! Sare moja ikiisha, napiga makofi, mama anainuka akinishika bega, tunazunguka ua mpaka kwenye mfereji na kurudi. Mzunguko wa kwanza alichechemea. Sheria yake ilikuwa moja: kutaja nguo ni marufuku mpaka turudi, na kila mmoja aseme alichokiona au kukisikia. Mimi korongo juu ya paa, yeye omena wa jirani wakikaangwa. Kufikia sare ya nane mguu ulikuwa umepungua uvimbe, mabega yake yakaanza kucheza, na watoto wa ua wote walitufuata nyuma wakishangilia. Jumapili saa kumi jioni alikata uzi wa mwisho. Kesho yake alinipeleka shuleni kwa miguu yake mwenyewe, na njia nzima niliitazama hiyo miguu.

Leo nafanya kazi ya kompyuta hapa hapa Kisumu, nikikaa saa nyingi kuliko alivyokaa mama, tena bila harufu yoyote ya kunichangamsha. Siku hizi kuna saa za mkononi za kutukumbusha kusimama. Mama alikuwa na pasi tu. Wiki iliyopita nilikuwa nikifukuzana na kazi ya haraka nyumbani. Nilipoinua macho, binti yangu alikuwa amenipangia mezani chaja, chupa ya maji na chai. "Usiamke, mum," akasema, kifua mbele.

Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka akashangaa. Kisha nikasimama, nikabeba vyote, nikavirudisha mbali, na nikamwomba anipigie makofi.