Karatasi ya Mablanketi

Nilifika kwenye nyumba ya wazee wa vita kwa sababu ya kiu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa nikitembea kutoka Sabaki kuelekea Malindi baada ya kuacha kazi ya nne mwaka ule. Nikaona ua wa michongoma, mlingoti usio na bendera, na wazee wanane wamepanga mstari kwenye jua. Wa tisa wa kuwakagua hakuwepo. Aliyekuwa akikagua kucha za wenzake, mzee mrefu mwenye shati lililopigwa pasi likasimama, alikuwa mmoja wa hao hao wanane. Alitoka mstarini kukagua, akimaliza anarudi mahali pake. Nilisimama kutazama hadi akanigeukia.

"Wewe raia, unataka nini?"

"Maji, baba."

"Maji yako kisimani. Ukishakunywa, tujazie na sisi pipa."

Nikajaza pipa. Nikakaa miezi saba, mimi ambaye tangu kutoroka shule darasa la sita sikuwahi kukaa popote muda mrefu hivyo.

Kilichonishika ni hadithi. Wazee wale walipigana Burma, vita vya Mwingereza. Waliporudi, wengine walikuta wake zao wameolewa na mashamba yamegawanywa. Wengine hawakufika kwao kabisa. Mjane wa ofisa wao mmoja, aliyekuwa akiishi Malindi, akawapa kipande cha ardhi karibu na ufuo, ila hakuwa na uwezo wa kujenga. Wakajenga wenyewe. Walichonga mawe timboni, wakachoma chokaa, wakaezeka makuti. Waliokufa walizikwa nyuma ya jiko, Wakristo upande mmoja, Waislamu upande wa pili, na katikati wale ambao hawakupenda kuulizwa. Mjane naye alipofariki, nyumba ikawa chini ya kamati ya watu wa Mombasa ambao sikuwahi kuwaona. Ndio waliomleta msimamizi.

"Yule mama alituambia, mtakaa hapa mpaka wa mwisho wenu," alinieleza yule mzee mrefu. Tulimwita Sajini, kwa cheo chake. Kwao ni Vitengeni.

"Na wa mwisho ni mimi," akadakia Koplo, mzee mfupi kutoka Ukambani, aliyebaki na meno mawili. "Kitanda chako cha dirishani nimeshakichagua."

"Wewe utakufa kesho kwa ulafi."

"Nife nimeshiba. Wewe utakufa unapiga pasi."

Msimamizi alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti. Alinipa magazeti yake ya juzi, nami nikawasomea wazee kila baada ya chai ya asubuhi. Kwa hilo wakaniita Msomi. Magazeti yalikuwa ya Kiswahili. Hakuna aliyeniuliza habari za Kiingereza, nami sikujitia kusema kwamba katika maneno kumi ya Kiingereza nilibahatisha mawili.

Asubuhi moja msimamizi alitoa meza nje, akapanga juu yake mablanketi manane ya kijivu, mapya, bado yananuka dawa ya kiwandani. Kando aliweka pedi ya wino na karatasi zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Wazee walijipanga bila kuambiwa. Sajini alikuwa amenifundisha zamani utaratibu wa vifaa jeshini: unataja nambari yako, unaweka dole, unapokea, unarudi nyuma hatua moja. Husomi. Anayesoma karatasi ya stoo amemwita mwenye stoo mwizi, na kwa kosa hilo Sajini aliwahi kuona mtu akikimbizwa uwanjani ameinua bunduki juu ya kichwa mpaka akaanguka.

Koplo peke yake ndiye aliyesita. "Kurasa tatu kwa mablanketi manane? Msomi, hebu tuambie imeandikwa nini."

Msimamizi akanisogezea karatasi bila wasiwasi wowote. "Wasomee, bwana. Wewe ndiye mtu wao."

Nilipitisha macho. Niliona neno la nyumba, nikaona tarehe. Yaliyobaki yalikuwa ukuta. Wazee wanane walikuwa wakinitazama kama walivyonitazama kila siku kabla sijafungua gazeti. Ningeweza kusema sijui.

"Ni ya mablanketi," nikasema. "Kwamba mmeyapokea."

"Umesikia?" Sajini akamwambia Koplo. "Haya, mbele hatua moja!"

Wakaweka dole mmoja mmoja. Mwishoni msimamizi akanipa kalamu, akanionyesha mstari wa chini. "Na wewe tia sahihi. Umekuwa shahidi." Nilitia sahihi kwa madaha, herufi ya mwisho nikaivutia mkia.

Wiki ya tatu wakaja wapima ardhi na vigingi vyekundu. Kimoja walikichomeka makaburini. Sajini alipowaamuru wakitoe, mkubwa wao alimjibu kwa adabu kwamba wazee walishakubali kuhama, panajengwa hoteli, na nakala ya makubaliano iko hapo hapo kwetu, ofisini kwa msimamizi. Msimamizi hakuwepo. Alikuwa ameondoka Jumamosi na sanduku, akisema anakwenda kumwuguza mama yake. Nakala tuliikuta juu ya meza yake.

Mimi na Sajini tukaipeleka mjini kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, aliyejuana na Sajini tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza kimya, kisha akaanza kututafsiria polepole. Kwamba hao wanane, kwa hiari yao, wanarudi kwa jamaa zao. Kwamba hawana dai juu ya nyumba, ardhi wala makaburi. Mablanketi yalitajwa mara moja tu, mwishoni, kuwa zawadi ya kuagana.

"Endelea," Sajini akasema. Alikataa kiti.

"Hapa chini kuna shahidi. Anaapa kwamba amewasomea haya yote kwa Kiswahili, na mkaelewa." Mhindi akainua macho. "Ni nani huyu, Sajini? Ana mwandiko mzuri."

Sajini aliichukua karatasi. Kusoma hakujua, lakini siku ile alikuwa amesimama karibu yangu, na ule mkia aliuona ukivutwa. Akaikunja, akamshukuru mwenyeji, akatoka.

Tulikwenda kwa wakubwa wa serikali. Karani aliniuliza kama sahihi ni yangu. Nikasema ni yangu, ila nilidanganywa. "Nikuamini ulipoandika, au unaposema?" Wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi nyuma yangu. Hata pale sikusema kwamba Kiingereza sikijui.

Lori lilipokuja kuwachukua, Koplo alikataa mkono wangu, akapanda mwenyewe kwa taabu. Kisha akaniita kwa sauti ili wote wasikie: "Msomi! Hebu nisomee, lori hili linakwenda wapi?" Hakuna aliyecheka.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Vitengeni. Sajini alikuwa kwa mtoto wa ndugu yake, amepewa pa kulala penye magunia ya mahindi. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, anapukuchua. Hakushangaa kuniona. Nikaketi, nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua nami.

"Ulikuwa pamoja na yule bwana?" akauliza.

"La, baba."

"Basi kwa nini?"

Nililitupa gunzi kando. "Kiingereza sikijui. Sikujua imeandikwa nini. Niliona haya kusema."

Mikono yake ikasimama. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Ungelisema," akasema. "Koplo angekucheka mpaka saa sita mchana. Halafu yangekwisha."

Alinitazama kana kwamba nina la kuongeza. Akamwita mke wa mtoto wa ndugu yake aniletee uji, na yule mama alipouliza mgeni ni nani, akamwambia ni mpita njia.